Mpangaji Katika Mchezo Alioununua

Dada yangu aliponipigia simu kutoka Jericho, hapa Nairobi, sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekwisha kulia. "Kaka," akaniambia, "mwanao amekula pesa za kujifunzia udereva. Hakunywea pombe wala hakuhonga msichana. Amezila katika gemu. Njoo umseme wewe, mimi amenishinda."

Mpwa wangu huyo ana umri wa miaka 22. Ni mwanagenzi katika gereji moja ya Kariobangi, kijana mwenye mikono myeusi kwa grisi na ulimi wa taratibu. Tangu utotoni hakupata kunijibu vibaya hata siku moja. Pesa zenyewe zilikuwa shilingi 27,500, akiba ya miezi mingi ya kujinyima chakula cha mchana, na mamake alikuwa amekwisha kuwatangazia majirani kwamba mwanawe karibu ataendesha gari.

Jumamosi iliyofuata, baada ya sala ya alasiri, nilipanda matatu ya Jogoo Road hali nimekwisha kuitunga hotuba yangu kichwani. Mimi ni mtoto wa chuoni. Nilipokuwa na miaka saba nilikaa mkekani mbele ya mwalimu, juzuu mkononi na bakora karibu, na miongoni mwa mambo ya mwanzo tuliyofunzwa ni kwamba kamari ni haramu, iwe ya karata, ya dadu au ya korosho. Nilidhani basi kazi yangu siku hiyo ni nyepesi. Ningemwambia kijana kwamba mchezo ni upuuzi na kamari ni haramu, naye angeinamisha kichwa, kisha ningekunywa chai ya dada yangu na kurudi zangu.

Msomaji, hotuba ile sikuitoa. Katika makala haya nataka kukueleza kwa nini.

BANDA LA NYUMA YA MADUKA

Nyumbani sikumkuta. Watoto wa jirani walinipeleka nyuma ya maduka, kwenye banda la mabati lenye pazia mahali pa mlango. Ndani mlikuwa na joto kama la tanuri ya mikate. Televisheni nne zilikuwa zimepangwa ukutani, na mbele ya kila moja vijana wawili wameshika vidude vya kuchezea, na nyuma yao wengine sita au saba wakingoja zamu. Juu ya ukuta palikuwa na kipande cha boksi kilichoandikwa kwa kalamu nene: "Mechi moja 20/-. Kukopa marufuku."

"Shikamoo, Mjomba," alisema mpwa wangu, akasimama upesi kunipisha benchi.

"Marahaba, mwanangu."

Wenzake wakanitazama kofia, wakanitazama fimbo, kisha mmoja akasema, "Karibu mzee, unachukua Arsenal ama Manchester?" Banda zima likacheka, nami nikacheka nao. Tangu hapo hotuba yangu ilianza kuyeyuka.

Mwenye banda ni mtu wa makamo, mzaliwa wa mitaa hii. Nyumba za hapa Jericho, kama zile za jirani zao wa Maringo, ni za kupanga. Zilijengwa na Halmashauri ya Jiji ya zamani, na ziko jamaa zilizokaa humo vizazi vitatu, babu akilipa kodi, baba akilipa kodi, na mjukuu naye analipa. Kwa hiyo hapa hakuna asiyejua maana ya kuwa mpangaji. Nakuomba, msomaji, ulishike neno hilo, tutalirudia.

Alianza biashara, aliniambia, kwa mashine moja ya PlayStation 2 aliyoinunua mkononi kwa mtu. Mashine hiyo ilitoka kwa mara ya kwanza mwaka 2000, na duniani kote ziliuzwa zaidi ya milioni 155, idadi ambayo hakuna mashine ya aina yake iliyopata kuipita kabla yake. Kampuni ya Sony iliacha kuitengeneza mapema mwaka 2013, na mchezo wa mwisho wa FIFA kutengenezewa mashine hiyo ulikuwa FIFA 14, uliotoka mwaka huo huo. Lakini habari ya kwamba imekufa haikufika Eastlands. Katika mabanda ya Kayole, Dandora na Huruma, mashine ile iliendelea kufanya kazi miaka mingi; ilikuwa ikifunguliwa na mafundi wa mtaani, ikapulizwa vumbi, ikatiwa waya, ikarudi kazini.

"Siku hizo," alisema mwenye banda, "ukinunua diski, mchezo mzima umo ndani yake. Ukichoka nao unabadilishana na mwenzio wa Maringo. Ukiishiwa unga unaiuza. Siku hizi diski ni kama ufunguo wa nyumba ya watu."

Nilimwomba anifafanulie. Akachukua kasha la mchezo mpya, akalitikisa sikioni mwangu kama mtu atikisaye nazi kutaka kujua kama ina maji. "Ukiitia mashineni," akasema, "inakwambia bado. Ivute kwanza kwa intaneti, mabunda kwa mabunda. Inakula siku mbili, na inakula pesa. Juma lijalo inakwambia tena bado, kuna marekebisho. Wateja wako kwenye benchi wanangoja, stima inahesabu tokeni, na wewe unatazama mstari mmoja unatambaa."

Jambo la pili lililomchoma ni hili. Kila mwezi wa Septemba hutoka toleo jipya la kandanda. Asipolinunua, vijana huuliza, "Ya mwaka huu iko?" na wakiambiwa hapana huhamia banda la pili. Akilinunua, aghalabu huona uwanja ule ule na watu wale wale, ila jezi zimebadilishwa na wachezaji wawili watatu wamehama timu.

Nilidhani hayo ni manung'uniko ya mfanyabiashara tu, mpaka nilipokwenda kuyachungua mwenyewe. Kampuni ya Electronic Arts ya Marekani, watengenezaji wa FIFA, iliuza matoleo manne mfululizo kwa wenye mashine ya Nintendo Switch, yaani FIFA 20 hadi FIFA 23, yakiwa na jina la Legacy Edition: mchezo ule ule, jezi mpya, vikosi vipya. Jina lenyewe lilikuwa limekiri. Na washindani wao wa Japani, Konami, ambao mchezo wao wa Pro Evolution Soccer ulikuwa na wafuasi chungu nzima katika mabanda ya Eastlands, waliubadilisha jina ukawa eFootball na kuutoa bure tarehe 30 Septemba 2021. Bure ghali! Ulitoka ukiwa mbichi, nyuso za wachezaji zimepindika kama nta iliyokaa juani, na ulimwengu mzima ukacheka. Konami wakaomba radhi hadharani, na marekebisho makubwa hayakuja hadi Aprili 2022. Mgeni unaweza kumkaribisha nyumbani kwa chakula kisichoiva, lakini si kila mara, na si huku mkono wako uko mfukoni mwake.

KETE ZA KUNUNUA

Banda si mahali pa kusemea siri za familia. Nilimchukua mpwa wangu tukatembea hadi uwanja wa Camp Toyoyo, ambako vijana wengine walikuwa wakicheza mpira wa miguu kwa miguu. Tukaketi pembeni. Nikamwuliza, "Haya, mwanangu. Nieleze kama unavyomweleza mtu asiyejua kitu, maana mimi sijui kitu."

Akatoa daftari la gereji. Kurasa za mbele zilikuwa na hesabu za plagi na breki. Kurasa za nyuma zilikuwa na tarehe na pesa: mia tano, elfu moja, elfu moja na mia tatu. Kila mahali alipolipa aliandika. Mtu mlevi wa kamari haandiki, hilo nililiona mara moja.

Sitautaja mchezo wenyewe, maana yenye mtindo huu ni mingi. Katika mchezo huo mtu hujiundia timu yake mwenyewe. Wachezaji huja katika mfano wa kadi, na kadi hutoka katika pakiti zilizofungwa. Pakiti unaweza kuipata kwa kucheza sana, usiku na mchana, au kwa kulipa. Ndani yake huenda ukamkuta mshambuliaji mkubwa wa dunia, na huenda ukakuta walinda mlango watatu usiowataka. Hujui mpaka umelipa.

"Sasa Mjomba," alisema, "mimi hapa mtaani hawanifungi ovyo. Waulize. Lakini nikiingia kwenye intaneti nakutana na mtu ana timu ya kununua. Nampokonya mpira, mchezaji wake anamkimbia wangu kama gari linavyompita mtu wa mkokoteni. Najua nimecheza vizuri kuliko yeye. Nimefungwa na pesa, sikufungwa na mtu. Basi nikasema, nikipata mlinzi mmoja tu wa mbio…"

Alinyamaza akatazama uwanjani. "Nilimpata baada ya miezi minne. Halafu Septemba toleo jipya likatoka. Katika toleo jipya kila mtu anaanza hana kitu. Wote wakahamia huko. Timu yangu iko kule kwa zamani bado, lakini sina wa kucheza naye."

Mtindo huu ulienezwa zaidi na Electronic Arts wenyewe, walipouingiza katika FIFA 09 mnamo Machi 2009 kwa jina la Ultimate Team. Haukuwa mradi mdogo. Katika mwaka wa hesabu uliokwisha Machi 2021, kampuni hiyo ilitangaza kwamba mtindo huo, katika kandanda na katika michezo yake mingine ya spoti, uliiingizia dola bilioni 1.62. Hiyo ilikuwa zaidi ya robo ya mapato yake yote. Kwa maneno mengine, mwenye duka amegundua kwamba faida haiko tena katika kuuza bao. Iko katika kuuza kete, moja moja, kila siku, na mwisho wa mwaka kuzikusanya zote na kuanza upya.

Nami ni mchezaji wa bao, kwa hiyo mfano huo haukunipa taabu kuuelewa. Bao lina mashimo 32 na kete 64. Tajiri na maskini wakiketi wote hupewa kete sawasawa. Fundi hujulikana kwa hesabu yake, si kwa mkoba wake. Lau angekuja mtu barazani akasema, "Ongeza shilingi mia nikupe kete kumi zaidi ya mwenzio," wazee wangemfukuza kwa viatu. Hawangemfukuza kwa kuwa anataka faida. Wangemfukuza kwa kuwa ameuua mchezo.

MISHALE NA KOROSHO

Hapo ndipo elimu yangu ya chuoni iliponirudia, ila kwa njia nisiyoitarajia. Neno la Kiarabu linaloelezea kamari katika Kurani ni maisiri, na wafasiri wanatueleza ilivyokuwa. Waarabu wa zama za ujinga walikuwa wakimchinja ngamia, wakamgawa mafungu, kisha wakatia mishale kumi katika mfuko. Mishale saba ilikuwa na mafungu yake, na mitatu ilikuwa mitupu. Mtu hutia mkono ndani ya mfuko asione, na aliyetoa mshale mtupu hapati nyama, na bei ya ngamia humwangukia yeye. Nilipomweleza mpwa wangu habari hii alicheka kwa uchungu. "Mjomba," akasema, "hizo ni pakiti kabisa!"

Si mimi na mpwa wangu tu tuliofikiri hivyo. Mnamo Aprili 2018 tume ya michezo ya bahati nasibu ya Ubelgiji iliamua kwamba masanduku ya bahati ya aina hii ni kamari kwa mujibu wa sheria ya nchi hiyo, na Januari 2019 Electronic Arts ikaacha kuuza pointi za FIFA huko. Uholanzi nayo iliitoza kampuni hiyo faini ya euro milioni 10, lakini Machi 2022 baraza kuu la rufaa la nchi hiyo likaifuta, likisema pakiti ni sehemu ya mchezo wa ustadi na si kamari inayojitegemea. Basi hata majaji wamegawanyika, wala sitaki kumdanganya msomaji kwamba jambo hili limekwisha. Tena ni haki kusema kwamba tangu FIFA 19 kampuni hiyo imekuwa ikionyesha uwezekano wa kupata kadi kubwa kabla mtu hajalipa.

Lakini mimi mwenyewe nilikuwa na deni la kulipa. Nilimkumbusha mpwa wangu, na sasa namkumbusha msomaji, kwamba watoto wa pwani tulikuwa na kamari yetu. Tukipanga korosho mstari mchangani, tukarusha nyingine kwa mbali, utakayoipiga ni yako. Siku moja nilicheza na pesa ya mwalimu, ile tuliyopewa nyumbani kumpelekea kila juma. Niliinunulia korosho, na korosho zote zikaliwa na mtoto wa jirani kabla ya adhuhuri. Bakora niliyopigwa naikumbuka.

Hata hivyo, nikiwa nimekaa pale Toyoyo, niliona tofauti ambayo hotuba yangu haikuwa nayo. Korosho zangu zilikuwa wapi jioni ile? Zilikuwa mfukoni mwa mtoto wa jirani. Nilimwona akizila. Kesho yake nilimfunga nikazirudisha nusu. Dhambi ilikuwa dhambi, lakini mali ilibaki mtaani, na mwenye kunila alikuwa na uso na jina na mama wa kumshitakia. Shilingi 27,500 za mpwa wangu zimekwenda wapi? Hazimo mfukoni mwa kijana yeyote wa Jericho. Na kadi alizozinunua hawezi kuzila, hawezi kuziuza, hawezi kumrithisha mtu.

HATUMO DAFTARINI

Ungedhani mtu anayelipa hivyo huheshimiwa kama mteja. La! Hapa ndipo pana ajabu kubwa kuliko zote. Duka la Sony la intaneti, ambalo mwenye mashine ya PlayStation hulihitaji ili anunue na acheze na wenzake wa mbali, kwa miaka yote hii limeifungulia Afrika Kusini peke yake katika nchi zote za Afrika zilizo kusini ya Sahara. Kenya haikuwekwa katika orodha. Kijana wa Umoja akitaka kuingia husema anakaa Marekani au Uingereza, akajiandikia anwani ya mtaa asioujua, kisha akanunua kadi ya dola kwa wachuuzi wa mjini kwa bei ya juu. Analipa kama mgeni, katika nyumba inayosema hayupo.

Mwezi Mei 2024 jambo hili lilijulikana dunia nzima. Sony ilitangaza kwamba wachezaji wa Helldivers 2 walioununua kwa ajili ya kompyuta watalazimika kuwa na akaunti ya PlayStation. Mara mchezo ukaondolewa sokoni katika nchi 177 zisizo na huduma hiyo, na wengi walikuwa wamekwisha kuulipia. Wachezaji wakapiga kelele kwa siku chache, na Sony ikairudisha nyuma amri yake. Mpwa wangu aliikumbuka siku hiyo. "Tulifurahi," akasema, "halafu tukajiuliza: kumbe sisi tuko wengi hivi tusiohesabiwa?"

Na ndani ya mchezo wenyewe, tuko wapi? Toleo la FIFA la Kombe la Dunia la 1998, lililotoka mwaka 1997, lilikuwa na timu za taifa 172, wakubwa kwa wadogo. Katika matoleo ya miaka ya karibuni Harambee Stars haimo. Victor Wanyama, mtoto wa Muthurwa, hapa hapa Eastlands, alikuwamo: kijana wa Jericho aliweza kumchezesha akiwa amevaa jezi ya Tottenham. Kumvalisha jezi ya nchi yake hakuweza. Agosti 2025, katika mashindano ya CHAN, Kenya iliifunga Morocco bao 1–0 pale Kasarani, na mitaa hii haikulala. Morocco ilikuwamo katika FIFA 23, kwa kuwa ilicheza Kombe la Dunia la 2022. Walioifunga Kasarani hawamo.

Kijana mmoja aliyekuwa akitusikiliza alinikatiza. "Mzee, mimi silipi hata ndururu. Nacheza bure kwenye simu. Wenye pesa ndio wanaolipa ili mimi nicheze. Kuna ubaya gani?" Swali lake ni zuri, nami sikulikwepa. Wanaoandika programu wana watoto wa kulisha, na mchezo wa bure umewafikia wengi ambao wasingeweza kununua diski. Nilimjibu hivi: usipolipa wewe, basi kazi yako humo ni kufungwa na aliyelipa, ili aone pesa yake imefanya kazi. Akafikiri kidogo, akasema, "Hiyo ni kweli, hiyo."

Sasa tulirudie lile neno la mpangaji. Mwaka 2014 kampuni ya Ubisoft ya Ufaransa ilitoa mchezo wa magari uitwao The Crew. Tarehe 31 Machi 2024 ikazima mitambo yake, na diski za wote walioununua zikawa visosi vya kuwekea vikombe. Hapo ikazuka harakati ya wachezaji wa Ulaya na Marekani, Stop Killing Games, na kufikia Julai 2025 ombi lao kwa Umoja wa Ulaya lilikuwa na sahihi zaidi ya milioni moja. Jimbo la California nalo lilipitisha sheria, iliyoanza kutumika Januari 2025, kwamba muuzaji asitumie neno "nunua" bila ya kumwambia mteja waziwazi kwamba anachopata ni ruhusa tu ya kutumia.

Wazee wa Jericho wangewaeleza haya bure. Mpangaji hana ubaya na kodi. Ubaya ni kuambiwa nyumba ni yako, ukapaka rangi, ukapanda ua, kisha mwaka ukiisha mwenye nyumba anang'oa mlango. Na hata mpangaji wa Jericho akivujiwa ana ofisi ya kwenda kugonga meza.

KADI YA KITAMBAANI

Tulirudi bandani magharibi inakaribia. Mwenye banda, aliponiona nimekaa na mpwa wangu tukizungumza kama watu wazima wawili, akaniambia ningoje. Akainama chini ya meza akatoa mashine nyeusi ya zamani, ile PlayStation 2 ya kwanza, na kitambaa kilichofungwa fundo. Ndani ya kitambaa mlikuwa na kadi ya kumbukumbu, kidude kisichozidi kibiriti.

Miaka mingi iliyopita vijana wa banda hili waliichukua timu moja ya taifa ya Ulaya katika mchezo wa Pro Evolution, wakafuta majina yote, wakaandika ya Harambee Stars, herufi moja moja kwa kidole gumba. Wakabadilisha nyuso, wakabadilisha nywele, wakapaka jezi. Wakafanya vile vile kwa Gor Mahia na AFC Leopards, na ikatokea ugomvi wa siku tatu juu ya nani apewe mbio ngapi. Mpwa wangu alikuwa na miaka tisa. Ni yeye aliyechagua rangi ya viatu. Hakuna kampuni iliyowauzia kitu hicho.

Wakaniketisha benchi la mbele, wakanipa Kenya. Mpwa wangu akachukua Brazil. Nilifungwa matano kwa sifuri, na la tano nilijifunga mwenyewe, banda likapiga makofi. Kisha yule aliyekuwa akiniuliza Arsenal ama Manchester akasema, "Mzee, wanasema wewe ni malenga. Tulipe kwa shairi, hapa hakuna kukopa." Nikawapa ubeti huu:

Nina bao la mpingo, babu aliniachia,
Halinidai mchango, kila mwaka kulipia,
Halifungi lake lango, mgeni akiingia,
Nanyi mna lenu pengo, nani wa kuwazibia?

Sikumsema mpwa wangu siku ile. Tulipokuwa tukirudi kwa mamake nilimwambia maneno mawili tu: kwamba pesa zile hazitarudi, na kwamba asilipe tena kitu ambacho hawezi kukishika, kukikopesha wala kukiuza. Alisema ameyasikia. Mwezi uliofuata alianza tena kuweka akiba, na mamake ndiye anayeshika daftari. Nanyi wazazi, kabla ya kumpiga mtoto kwa sababu ya gemu, mwulizeni kwanza ananunua nini, kwa nani, na kitadumu mpaka lini. Huenda yeye mwenyewe hajawahi kuulizwa.

Nilipomuaga mwenye banda alikuwa anaifunga ile kadi tena kitambaani. Nilimwuliza kwa nini anaitunza kama hirizi. "Zimekuwa adimu, mzee," akasema. "Na hii imeanza kusahau. Juzi imepoteza AFC Leopards nzima."

Nyuma yake vijana wawili walikuwa wamekwisha kuketi, wanaandika majina upya.